Aleluya ya Tutaona

Jamani, aibu zangu katika maisha haya ni nyingi (niliwahi kuteleza na bakuli zima la bukari, ugali wetu, mbele ya wakwe wa dada yangu, na hiyo naihesabu kuwa ndogo), lakini ile ya Pasaka mpaka leo siwezi kuisimulia bila kwanza kufunika uso kwa kikwembe, kitenge changu. Parokia nzima ilinisikia. Tena si waliokuwa kanisani tu, hata wale waliobaki nyumbani wakisonga bukari walinisikia, maana spika zilitazama mitaa yote minne, na siku hiyo, kwa bahati yangu mbaya, umeme ulikuwepo.

Chanzo ni mbwa. Mama yetu alipofariki, Papa, yaani baba yetu, mstaafu wa reli, mtu wa kuamka kabla ya jogoo kwa mazoea tu, aliketi kitini ndani ya nyumba yetu hapa Kenya (naisema komini yetu ya Lubumbashi, si nchi ya Wakenya) na hakuinuka tena ila kwa kula na kulala. Kanisani ndiko hakutaka hata kusikia. "Kama naingia mule, nitaona place yake ku banc," aliniambia, yaani nafasi ya Mama kwenye benchi lao. "Siko na nguvu ya kuiona." Basi mtu mmoja akatuletea kitoto cha mbwa, chekundu, masikio makubwa kuliko kichwa, nami nikampa Papa akilee, nikijua kwamba mbwa hawezi kukaa na mtu anayekaa.

Papa akamwita Tutaona. Kwetu jina la mbwa husema na watu. Neno usilotaka kumwambia mtu usoni unampa mbwa alibebe, kisha unalipigia kelele uani asubuhi na jioni. Mimi niliona Papa anasema na kifo. Lakini jirani yetu wa ukutani, Mama Georgette, aliona anasemwa yeye, kwa sababu waliwahi kugombana juu ya mfereji wa maji, na hilo likumbukeni, litarudi. Hata hivyo mbwa alifanya kazi niliyomletea. Papa alianza kutoka naye asubuhi, akafika kwa muuza mkate, akaanza kusalimia watu, akarudi na habari za mtaa, na mimi jikoni nilikuwa namsikiliza nikimshukuru Mungu kwa kiumbe chenye mkia.

Halafu mkia ukabalehe. Sijui niseme vipi, yule mtoto mtiifu aliyekuwa akija ukimwita kwa ulimi tu, alipoanza kuwa kijana alibadilika kama amebadilishwa usiku. Sauti ikawa nzito, masikio yakaziba. Alitafuna viatu, akatafuna mguu wa meza, alirukia wageni vifuani, alimvuta Papa mpaka akamwangusha kwenye tope mbele ya watu wa bombani, na akinusa jike alikuwa anapotelea sokoni mpaka jioni, na mimi nyuma yake na sauti yangu yote (ni sauti kubwa, mtaambiwa): "Tutaona! Tutaona! We Tutaona!" Mama Georgette anatoa kichwa juu ya ukuta: "Ado (ndilo jina langu), ni miye unaambia tutaona?" Namwambia hapana, Mama, ni imbwa. "Kila siku ni imbwa," anajibu, na kichwa kinashuka.

Siku mbwa alipoingia kwake na kula kikwembe chake kipya cha kwaya, kilichokuwa kimeanikwa kwenye kamba, hapo mambo yaliharibika. Mjue kwamba Mama Georgette ndiye kiongozi wa kwaya yetu, na mimi ndiye ninayeanzisha nyimbo; ananipa ishara kwa kidole na mimi nafungua mdomo, miaka na miaka. Alikuja na kile kitambaa, kimebaki kama wavu wa mvuvi, akakiweka mezani mbele ya Papa. "Papa Ilunga, na heshima yote. Pasaka ikipita, kama hii imbwa ingali inasumbua bantu, miye naenda kwa chef de quartier." Kwa mkuu wa mtaa! Papa akamvuta mbwa chini ya kiti chake. Na baba mdogo, Tonton Ngoy, mwenye ghala lake kule Kasomeno kwenye barabara ya Kasenga, aliposikia alipiga simu siku hiyo hiyo: Jumatatu ya Pasaka anakuja na gari, atamchukua, atamfunga mnyororo pale ghalani alinde mahindi. Jioni ile Papa hakula. Alirudi kwenye kile kiti, mbwa akalala juu ya miguu yake, na mimi niliogopa kweli, maana niliona wazi kwamba mbwa akienda Kasomeno, Papa naye atakuwa amekwenda, ingawa mwili utabaki hapa kitini.

Ndipo nikasikia habari za Maman Kavira. Huyu ni mama wa Kivu ya Kaskazini, mfanyabiashara wa jumla, ana malori na ghala la unga kule Ruashi, na mbwa wake wa ulinzi wanajulikana kwa sababu hawabweki ovyo na hawapotei. Kila Jumamosi, nje ya ghala, anafundisha watu wenye mbwa waliowashinda. Nilimkuta amevaa kikwembe cha bei na viatu vya mpira mpaka magotini, filimbi shingoni, anatoa amri kwa madereva na kwa mbwa kwa sauti ileile, na wote wanatii. Mimi si mtu wa kupenda watu upesi. Yule mama nilimpenda kabla hajanisalimia.

Nilimweleza makosa yote ya Tutaona, moja baada ya jingine, kama mtu anayeshitaki polisi. Alimtazama mbwa, akamkuna nyuma ya sikio. "Huyu hapana mubaya," akasema. "Iko kijana. Masikio yake imeenda congé, itarudi. Weye, wakati ulikuwa mu kimo yake, ulikuwa unasikiaka mama yako?" Nikaangalia viatu vyangu, kwa sababu katika umri ule sikuwa nikimsikia. "Kwanza tufundishe weye. Imbwa atafuata."

Na kufundishwa kwenyewe, wapenzi, kulikuwa hivi: alinifunga kamba kiunoni, mimi na umbo langu hili, akampa dereva mmoja ashike mwisho wake, akasimamisha msichana mbele yangu na sahani ya mikate ya mafuta yenye moto, kisha yeye mwenyewe akasimama nyuma yangu akaanza: "Ado! Ado! Ado! Ado!", na kila akiita dereva anavuta. Mwanzoni niligeuka. Baadaye niliona mikate tu. Jina langu lilipita masikioni kama mlio wa jenereta ya jirani. Aliposimamisha mchezo nilikuwa natoka jasho na nimekasirika, naye akaniuliza kwa upole, "Sasa unaelewa namna iko anaishi kwenu?" Nikaelewa, na niliona uchungu, kwa kuwa mbwa hakuwahi kupewa hata mkate mmoja kwa kuja.

"Jina yake mumeiharibu," alisema. "Akisikia Tutaona, ni kelele, ao ni fimbo, ao ni kufungiwa. Weye ungekuya? Tafuta neno mupya, neno ya furaha, yenye bantu ya kwenu habasemake kila saa. Unaita mara moja, moja tu. Akikuya, unalipa palepale. Na sikia muzuri: mwenye kuja hapigwe. Hata kama anatoka kuua bata ya évêque, askofu yenu, kama umemwita na amekuya, unalipa." Kisha akasema mbwa asiachiliwe kamba ndefu mpaka akomae, apewe kwato la ng'ombe atafune badala ya viatu, na kila asubuhi aachwe anuse njia taratibu, maana kunusa kunamchosha kijana kuliko kukimbia. Yote hayo yalikuwa rahisi. Lililonimaliza ni lile neno.

Ilikuwa Kwaresima, majivu ya Jumatano yametoka usoni juzi tu. Nikafikiri, neno gani la furaha halisemwi kabisa nyumbani kwetu sasa? Nikaona mwanga. Nikasema: "Aleluya."

Maman Kavira (yeye ni Mprotestanti) alishangaa. "Aleluya? Kwetu tunaisema hata mutu akipiga chafya!"

"Kwetu hapana, Maman. Mu Kwaresima tunaifunga, hakuna mwenye kuisema, mpaka Pasaka."

"Na kisha Pasaka?"

"Kisha Pasaka, tutaona," nikajibu, na mbwa, kusikia jina lake, aligeuza kichwa upande mwingine kabisa.

Na ujanja wangu haukuishia hapo, la, mjinga akianza huwa hana breki. Nilijiambia, kwa kuwa mimi ndiye nitakayeanzisha Aleluya ya Injili siku ya Pasaka, kwa nini nipige kelele tu wakati naweza kuimba? Nikawa namwita mbwa kwa wimbo wenyewe, ule tuliokuwa tukifundishwa, kwa sauti na mapindo yake yote, ili na mimi nifanye mazoezi. Siku ya kwanza Papa aliinua kichwa kitini. "Aleluya mu Kwaresima, Ado?" Nikamwambia, "Hii ni ya imbwa, Papa. Ya Mungu ingali imefungwa." Papa akacheka. Tangu mazishi sikuwa nimeyaona meno ya baba yangu, na niliingia jikoni nikalia kidogo juu ya kapenta.

Kapenta ndio ulikuwa mshahara wa mbwa, wale samaki wadogo wakavu. Nilikuwa nawafunga kwenye pindo la kikwembe, niko tayari saa zote. Naimba, anakuja, anaketi mbele yangu, analipwa. Polepole masikio yalirudi kutoka likizoni. Papa naye alianza kuimba ile Aleluya kwa sauti yake ya kukwaruza, mwisho wa uwanja, na Tutaona anaacha mfupa, anaacha kuku, anaacha hata jike la kwa fundi wa baiskeli, anakimbia mpaka masikio yanalala nyuma. Uzuri wa mbwa anayekuja kwa kupenda ni kitu cha kutazama, nawaambia. Papa alikuwa anamtazama kama alivyokuwa anatazama treni inayofika kwa wakati.

Basi, Pasaka. Mkesha wa Jumamosi uliimbwa na kwaya nyingine, tena gizani bila spika, umeme ulikuwa umekatika, kwa hiyo Aleluya yake haikufika kwetu, na hakuna kilichonionya. Jumapili asubuhi niliamka na umeme umerudi, nikavaa kikwembe cha kwaya, nikamwacha Papa uani anajinyoa mbele ya kioo kilichotundikwa ukutani, povu shavuni, kandambili miguuni, na ile kamba ndefu ya mbwa ameizungusha kwenye kifundo cha mkono, kama Maman Kavira alivyotuamuru. "Unikumbuke kwa Mama yako," alisema bila kugeuka. Nilitoka mbio kwa kuchelewa. Lango la lupango, kiwanja chetu, niliegesha tu.

Kanisani tulijaa mpaka nje. Mama Georgette alipanga mistari yetu, akanusa, akanusa tena. "Nani anakuya na harufu ya samaki siku ya Pasaka?" Niliangalia juu, penye msalaba. Kumbe nilikuwa nimefunga pindo langu kama kawaida, mkono ulijifungia wenyewe.

Ulipofika wakati wa Injili, watu wakasimama, Abbé, padri wetu, akachukua kitabu, moshi wa ubani ukapanda, Mama Georgette akanipa kile kidole. Nikashika maikrofoni, nikafunga macho, na Aleluya iliyofungwa siku zote zile nikaifungua kwa kifua changu chote. Ilitoka vizuri, niseme ukweli, haijawahi kutoka vile. Spika ziliichukua zikaipeleka mpaka kwetu. Watu wakajibu, nikaimba ya pili, na katikati ya ya pili nikasikia huko nje, "Imbwa! Imbwa! Muangalie!"

Nilifungua macho. Tutaona alikuwa anaingia kwa mlango mkubwa, mbio, masikio nyuma, katikati ya njia, wale wasichana wanaocheza mbele ya Injili wakapasuka pande mbili, akapita chini ya chetezo cha ubani, akapita ngoma, akaruka ngazi za kwaya na kuketi mbele yangu barabara, mgongo wima, anatazama pindo langu. Na mimi, badala ya kunyamaza, nikashtuka, maikrofoni bado ipo mdomoni, nikapiga kelele:

"Mungu wangu! Tutaona! Tutaonaaa!"

Parokia nzima ikageuza vichwa kunitazama. Hebu fikirini: Abbé ameshika Injili ya ufufuko, na mwimbaji anamwambia Mungu wake tutaona, kwa spika nne. Mama Georgette alishika kifua, amejua sasa kwamba ni yeye, na kwamba nimengoja Pasaka yenyewe ili kumwambia.

Wazee wawili walikuwa wameanza kuvua mikanda yao. Nami, katika aibu ile, nikamsikia Maman Kavira kichwani: mwenye kuja hapigwe. Mbwa yule hakuwa amekosea hata kidogo. Nilimwita naye amekuja, kwa mwito wa kwanza, amepita watu, ngoma, moshi na watoto wanaopiga makelele. Kama ningemfukuza pale, nani angemfundisha tena kuja? Nikainama, mbele ya Abbé na mashemasi na walinzi wa mlango, nikafungua pindo, nikampa kapenta. Mmoja. Kisha wa pili, kwa sababu ya ule moshi. Maikrofoni ilikuwa bado imewaka, watu wote walimsikia akitafuna.

Hapo ndipo nikaona kamba. Ilikuwa imenyooka, inatoka shingoni mwake, inashuka ngazi, inapita katikati ya kanisa, na mwisho wake alikuwa Papa. Ana singleti, kandambili moja, shavu moja limenyolewa na la pili lina povu, anahema, mkono ule wenye kamba bado umenyooshwa mbele. Alikuwa amesimama penye benchi lao. Mimi nilijua benchi lile, na yeye alilijua, na aliliangalia.

Nilitaka sakafu ifunguke. Aibu yangu nilikuwa nimeisahau, niliogopa yake. Mtu mwenye heshima zake, aliyesema hana nguvu, ameburutwa mpaka pale pale na kuwekwa mbele ya watu na povu usoni.

Abbé alishusha kitabu kidogo. "Papa Ilunga," akasema taratibu, "tulikuwa tunakungojea. Ikala."

Hakuna aliyecheka. Na aliyetoka mstarini hakuwa mimi. Ni Mama Georgette. Alishuka ngazi za kwaya, akaenda mpaka kwenye lile benchi, akawasogeza waliokaa, akatoa leso yake na kumpa. "Pangusa, Papa," alisema. "Hii njo place yake. Ikala hapa pembeni yake." Papa alipangusa shavu, akapangusa na macho kwa leso ile ile, akaketi. Tutaona alishuka akalala juu ya mguu wake usio na kandambili. Abbé akasoma Injili.

Ningependa kusema kwamba mambo yaliishia hapo kwa heshima. Lakini misa ya Pasaka, mwishoni, Abbé anaaga watu kwa Aleluya, tena mbili. Ya kwanza, mbwa akainuka, akaja mpaka kwangu, akaketi. Nikalipa. Akarudi kwa Papa. Ya pili, akainuka tena. Safari hii kanisa lote lilicheka mpaka Abbé akajishika meza, na nilipotafuta uso wa Papa kati ya watu, niliona naye anacheka, pale pale pembeni ya nafasi ya Mama.

Jumatatu Tonton Ngoy alifika na gari na mnyororo wake. Mama Georgette alimpokea langoni kabla yetu. "Rudia na chaîne yako, Tonton. Hii imbwa iko ya parokia sasa." Na watu walipomuuliza Papa ilikuwaje mpaka akakimbia mitaa yote ile katika umri wake, alijibu kwa ukali: "Miye sikukimbia. Ni imbwa njo ilikimbia. Miye nilifuata mukono yangu."

Kwa Maman Kavira nilikwenda, nikamsimulia yote. Hakucheka. Aliuliza tu, "Alikuya mara ya kwanza?" Ya kwanza, Maman. "Na ulilipa?" Nililipa. Akafumba macho kama mtu aliyeonja mchuzi wa nyumbani kwao, akasema, "Voilà imbwa." Kisha akaniangalia. "Sasa badilisha ile neno, mbele ya Jumapili."

Basi nimeapa, na ninyi ni mashahidi wangu: neno lililofungwa kwa muda sitampa mbwa tena maishani, maana siku ya kulifungua hulifungui peke yako, na hujui ni nani atalisikia akaja. Tulitafuta neno jipya mimi na Papa, la furaha, lisilosemwa kabisa kwetu. Papa ndiye aliyelipata, alilisema akicheka: "Kasomeno." Tutaona amelijua haraka ajabu.

Ila juzi, tukitoka misa, tulipita pale magari ya barabara ya Kasenga yanapopakia, na mtu mmoja anaita abiria kwa kifua chake chote, "Kasomeno! Kasomeno! Kasomenooo!" Kabla sijafungua pindo, mbwa alikuwa ameshaketi mbele yake, mgongo wima, anangoja mshahara, na nyuma yake, na suti yake ya Jumapili, Papa alikuwa anafuata mkono wake.